Ajali ya gari Nakuru, Kisumu na Magharibi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Madai mengi ya ajali huharibika mapema, kabla wakili wala kampuni ya bima hawajasikia habari. Namba ya trela haikuandikwa, daktari hakuonwa siku hiyo, jina kwenye abstrakti (karatasi ya polisi yenye muhtasari wa ajali) likakosewa herufi moja na hakuna aliyeliona. Ndiyo maana sehemu kubwa ya majibu haya inahusu saa na siku za mwanzo.

Tumegongana sasa hivi. Nianze na nini?

Zima injini, washa taa za hazadi, na uwatoe nje ya barabara wote wanaoweza kutembea. Wasisimame kati ya magari wala nyuma ya gari lililoharibika. Kwenye mteremko wa Salgaa na Sachangwan, au kwenye ukungu wa Mau Summit na Timboroa, ajali ya pili hufuata ya kwanza kwa dakika chache tu, na wanaouawa ni watu waliosimama lamini wakitazama. Vuka mtaro, panda juu kidogo, kaa huko.

Halafu weka laifusava, zile pembetatu nyekundu za kuakisi mwanga. Moja iwe angalau hatua sitini nyuma ya gari. Ikiwa kuna kona au mteremko, isogeze hadi kabla ya kona ili dereva anayekuja aione akiwa bado ana nafasi ya kufunga breki. Lori lenye mzigo linaloshuka halisimami kama gari dogo. Ukikosa pembetatu, matawi ya miti yatafaa, ila yaondoeni mkimaliza. Matawi yaliyosahaulika lamini usiku ni hatari kwa mwendesha pikipiki.

Piga 999 au 112. Laini ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Taja mahali kwa alama ambayo mtu wa huko anaijua: "baada ya Awasi ukielekea Ahero, karibu na daraja" inasaidia kuliko "barabara ya Kisumu".

Kuna mtu amebanwa ndani. Tumvute?

Msimvute, isipokuwa kuna moto, mafuta yanavuja karibu na moto, au gari linazama. Aliyevunjika shingo anaweza kupooza kwa kuvutwa mikono na miguu na watu wanne wenye nia njema. Mtu mmoja amshikilie kichwa kisigeuke, mwingine akandamize panapotoka damu kwa kitambaa safi bila kuachia kila mara kuchungulia. Msimpe maji wala soda, kwa sababu huenda atahitaji kuingia chumba cha upasuaji. Akiwa mwendesha pikipiki anayepumua vizuri, helmeti ibaki kichwani mpaka mhudumu afike.

Ikibidi kumhamisha, mwinueni kwa pamoja, mwili ukiwa umenyooka, juu ya ubao, mlango au blanketi lililokazwa. Kumkunja kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo kama Probox ndiko kunakomaliza wengi.

Lori la mafuta limepinduka na watu wanakuja na mitungi. Kuna hatari gani kama hakuna moto?

Mvuke wa petroli hauonekani, ni mzito kuliko hewa, na hutambaa chini hadi mitaroni. Unahitaji cheche moja tu: sigara, simu iliyoanguka, pikipiki inayopigwa kiki. Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, watu zaidi ya 100 walikufa kwa njia hiyo hiyo. Ondoka kwa kupanda juu, upande upepo unakotoka, na uwaambie wengine waache mitungi.

Nipige picha za nini hasa?

Watu wengi hupiga picha ya bampa iliyovunjika wakaishia hapo. Bampa asesa, mkaguzi wa kampuni ya bima, ataiona mwenyewe gereji. Kitakachotoweka ni barabara. Simama mbali, upige picha inayoonyesha magari yote mawili, mistari ya barabara na kitu kisichohama kama bango, mti au daraja. Kisha piga alama za breki lamini, vipande vya vioo (mara nyingi huanguka karibu na mahali hasa mlipogongana), na upande magurudumu yalikoelekea. Baada ya hapo piga namba za magari, stika au cheti cha bima, leseni ya dereva, na hali ya barabara: shimo, taa isiyowaka, mchanga uliomwagwa.

Lori lenye trela lina namba mbili. Kichwa kina namba ya kawaida inayoanza na K, trela ina yake inayoanza na Z, na mara nyingine wenye mali ni wawili tofauti, kila mmoja na bima yake. Piga zote mbili.

Chukua namba za simu za mashahidi wawili au watatu wasio abiria wako. Mama anayeuza mahindi kando ya barabara ni shahidi bora kuliko shemeji yako aliyekaa kiti cha mbele.

Tunaweza kusogeza magari?

Mtu akiumia au kufa, magari yasisogezwe mpaka polisi waseme, isipokuwa kwa kumwokoa mtu au kuzuia moto. Ikiwa ni kukwaruzana tu na hakuna aliyeumia, pigeni picha za kutosha, sogeeni kando, msifunge barabara.

Watu wamekusanyika na wamekasirika. Nikimbie?

Kisheria unatakiwa kusimama, kutoa jina na anwani yako, na kusaidia. Lakini hakuna anayekutaka ufe. Maisha yako yakiwa hatarini, nenda moja kwa moja hadi kituo cha polisi kilicho karibu na uripoti hapo hapo, ukieleza kwa nini uliondoka. Kuondoka kwenda kituoni na kuondoka kwenda nyumbani ni mambo mawili tofauti mbele ya hakimu.

Aliyenigonga anasema "tumalizane hapa hapa". Nikubali?

Ikiwa ni taa iliyopasuka na hakuna mtu aliyeguswa, mnaweza. Andikeni: tarehe, mahali, namba za magari, majina na namba za vitambulisho, kiasi, na ni kwa ajili ya uharibifu gani. Pesa zipite kwa M-Pesa ili zibaki na kumbukumbu. Kabla ya kutaja kiasi, mpigie fundi. Bampa iliyopasuka huficha radieta iliyosukumwa nyuma, na elfu tano ulizochukua kando ya barabara hazitanunua hata spea ya kwanza.

Kama kuna aliyeumia, usikubali. Na ikiwa wewe ndiye uliyegonga, kumbuka kwamba sera nyingi za bima zinakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Mjulie mtu hali, mpe pole, msaidie afike hospitali, lakini usitie sahihi karatasi ya kukubali kosa.

Niripoti wapi, na kwa muda gani?

Kituo cha polisi cha eneo la ajali, mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Ajali ya Gilgil huripotiwa Gilgil hata kama unaishi Kondele. Usiondoke bila namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), iliyoandikwa pamoja na tarehe na saa. Uliza pia jina na namba ya askari anayechunguza, kwa sababu ndiye utakayemtafuta baadaye.

Abstrakti ina shida gani? Si ni karatasi tu?

Ni karatasi ambayo bima, wakili na mahakama wote wataianzia. Isome ukiwa bado kaunta, mstari kwa mstari, ukiwa na kitambulisho mkononi. Angalia jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe, mahali, namba za magari yote, jina la mwenye gari, kampuni ya bima na namba ya sera. Kosa la kawaida ni herufi kubadilishana nafasi: gari ni KBD, imeandikwa KDB. Kwa kosa hilo unaweza kumshtaki mtu wa Meru ambaye hajawahi kufika Nakuru. Kosa la pili ni majeruhi kuachwa. Mlikuwa wanne garini, wameandikwa wawili, na wale wengine wawili watahangaika miezi kuthibitisha kwamba walikuwepo. Kosa likionekana siku hiyo hurekebishwa kwa dakika tano.

Sehemu ya matokeo mara nyingi huandikwa kwamba uchunguzi unaendelea. Hilo halizuii kuanza madai.

Mwenye gari aliyeandikwa kituoni wakati mwingine ni dereva tu. Mmiliki halisi hupatikana kwa kufanya serchi ya gari NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Sioni jeraha lolote. Kuna haja ya hospitali?

Ipo, na siku hiyo hiyo. Msisimko wa ajali huficha maumivu. Shingo huanza kukaza usiku au kesho yake. La hatari zaidi ni damu inayovuja ndani polepole. Vua shati utazame: ukiona alama ya mkanda ikiwa nyekundu au ya zambarau kifuani au tumboni, na tumbo likawa gumu au likauma ukiligusa, hiyo ni dharura. Kwa aliyegonga kichwa, kwa siku mbili mtu awe naye: kutapika mara kwa mara, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, kichwa kinachozidi kuuma, vyote ni sababu ya kurudi hospitali usiku huo huo bila kungoja kuche.

Upande wa madai, ukienda hospitali siku ya tisa, wakili wa bima atauliza ulikuwa wapi siku nane, na huenda hutakuwa na jibu.

Hospitali inataka amana kwanza ndipo imguse mgonjwa.

Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inarudia hilo. Kitaje kwa upole lakini kwa uthabiti, na uombe kuonana na msimamizi wa zamu. Hospitali kubwa za rufaa za eneo hili ni ile ya kaunti ya Nakuru, ambayo wengi bado huiita PGH, Jaramogi Oginga Odinga ya Kisumu, ambayo wenyeji huiita Russia, na Moi ya Eldoret. Kuwa na usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, hupunguza mvutano kaunta.

P3 ni nini, na inagharimu kiasi gani?

Ni fomu ya polisi ambayo daktari au ofisa wa kliniki hujaza kueleza majeraha. Fomu yenyewe ni bure kituoni. Nenda nayo hospitali ulikotibiwa ukiwa na kadi na maandishi yote ya matibabu, maana anayejaza hutegemea rekodi hizo. Kabla ya kuirudisha polisi, piga picha kurasa zote.

Weka pia picha za eksirei, muhtasari wa kuruhusiwa kutoka wodini, na kila risiti, hata ya dawa za kutuliza maumivu na ya teksi ya kwenda kliniki. Mahakama hurudisha gharama zilizothibitishwa peke yake. Risiti za karatasi laini hufifia wino baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo zipige picha siku unayozipata.

Nilikuwa abiria wa matatu. Nitajuaje dereva gani mwenye kosa?

Huhitaji kuamua. Abiria hakushika usukani, hivyo unaweza kudai wenye magari yote mawili na mahakama igawe lawama. Unachohitaji ni ushahidi kwamba ulisafiri: tiketi, ujumbe wa M-Pesa wa nauli, jina lako kwenye orodha ya abiria. Usiufute ujumbe huo.

Na abiria wa bodaboda au wa Probox?

Hapa ndipo watu wa Magharibi huumia mara mbili. Pikipiki nyingi zina bima ya matumizi ya kibinafsi, na magari madogo yanayobeba abiria kati ya miji yetu vivyo hivyo. Yanapobeba abiria wa kulipa, kampuni ina sababu ya kukataa kuhusika. Bado unaweza kumdai mwenye chombo mwenyewe, lakini kama hana mali, hukumu itabaki karatasi. Ikiwa gari jingine lilichangia ajali, elekeza nguvu huko pia.

Lori lililonigonga lina namba za Uganda. Limeshavuka Malaba.

Hujapoteza. Magari ya nchi jirani huingia na Kadi ya Njano ya COMESA (jumuiya ya biashara ya nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), bima inayomlinda mtu wa tatu katika nchi ajali ilikotokea. Nchini Kenya ofisi ya taifa ya mpango huo iko chini ya kampuni ya Kenya Re. Muhimu ni namba ya lori, ya trela, na namba ya Kadi ya Njano, kwa hiyo hakikisha polisi wameinakili kabla lori halijaachiliwa.

Bima yangu ni ile kubwa, inayolinda hata gari langu mwenyewe. Niwaambie lini, na watalipa kiasi gani?

Waambie siku hiyo hiyo kwa simu, kisha kwa maandishi. Jaza fomu ya madai, ambatisha abstrakti, leseni ya dereva, kitambulisho na logibuku (hati ya umiliki wa gari). Usimruhusu fundi aguse gari kabla ya asesa kulikagua na kampuni kuidhinisha matengenezo. Gari likivutwa, ulizeni bei kabla ndoano haijafungwa, na muulize pia ada ya kulilaza yadi kila siku.

Kuna makato mawili yanayowashangaza watu. La kwanza ni eksesi, sehemu ya gharama unayobeba mwenyewe. Sera ikisema asilimia 2.5 ya thamani na gari limekatiwa bima kwa Sh800,000, wewe utalipa Sh20,000 za kwanza. La pili ni kukata bima chini ya thamani. Gari la milioni 1 likikatiwa bima ya Sh600,000 ili kupunguza malipo ya mwaka, kampuni inaweza kuhesabu kwamba ulilinda asilimia 60 tu. Uharibifu wa Sh200,000 utalipwa Sh120,000 kabla hata ya eksesi.

Bima ya thadi pati, inayomlinda mtu wa tatu tu, haitengenezi gari lako. Unamdai aliyekugonga.

Gereji wanasema gari limekuwa kama jipya. Nilichukue?

Liendeshe kwanza, na fundi akiwa ndani. Achia usukani kidogo kwenye barabara iliyonyooka: likivuta upande mmoja, usawa wa magurudumu au chesisi haujarudi sawa. Fungua na ufunge milango yote na boneti, na utazame kama nafasi kati ya vipande ni sawa kushoto na kulia. Mikoba ya hewa iliyofunguka lazima ibadilishwe; taa yake kwenye dashibodi inapaswa kuwaka ukiwasha gari kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa au waya umekatwa. Mikanda iliyokaza wakati wa mgongano nayo ibadilishwe. Ukitia sahihi kwamba umeridhika, kurudi ni kazi.

Kampuni ya bima inanizungusha.

Andika barua, uombe sababu kwa maandishi, kisha upeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Simu pekee hazihesabiki.

Dereva alishtakiwa na akatozwa faini. Fidia yangu inakuja lini?

Haiji. Faini huenda serikalini. Kesi ya trafiki ni ya Serikali na dereva. Fidia ni kesi yako ya madai, unaifungua mwenyewe. Hata hivyo hukumu ile inakusaidia, kwa hiyo hudhuria ukiitwa kama shahidi na uchukue nakala ya uamuzi.

Nina muda gani wa kufungua kesi?

Miaka 3 tangu siku ya ajali. Aliyekugonga akiwa gari la Serikali, muda ni miezi 12 tu, na notisi ya siku 30 hutangulia. Watu hungoja wapone, au wangoje bima "iwaite", na miaka inapita. Madai yasiyozidi Sh1,000,000 yanaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujisimamia mwenyewe na sheria inataka uamuzi ndani ya siku 60. Kwa majeraha makubwa tafuta wakili. Jua pia kwamba sheria inaibana bima ya thadi pati kulipa hadi Sh3,000,000 kwa mtu mmoja aliyeumia. Kinachozidi hapo kinadaiwa kwa mwenye gari.

Mtu amekuja wodini na fomu, anasema atanipatia fidia na sitalipa chochote.

Usitie sahihi wala kidole gumba. Mtu kama huyo ni broka, dalali wa kesi, si wakili. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, haikubali makubaliano ya wakili kulipwa endapo tu utashinda. Muulize jina la wakili, ulihakiki kwa Chama cha Wanasheria wa Kenya, na uende ofisini kwake mwenyewe ukiwa na nguvu. Kesi ikiisha, omba nakala ya hukumu au makubaliano pamoja na uthibitisho wa kiasi bima ilicholipa. Kuna majeruhi waliopewa elfu themanini bila kujua mahakama iliandika laki nne.

Bima imeniletea vocha ya kukubali malipo. Nisaini?

Ukisaini, umefunga mlango kwa jeraha hilo, hata kama mwaka ujao chuma cha mguuni kitahitaji kutolewa. Muulize daktari kwanza: nimepona kabisa? Kuna upasuaji uliobaki? Utagharimu kiasi gani? Majibu yawe kwa maandishi, ndipo uzungumzie kiasi.

Ndugu yetu amefariki papo hapo.

Poleni sana. Polisi watataka uchunguzi wa maiti, na inafaa mmoja wa familia awepo kuutambua mwili. Kabla ya kushtaki, familia huomba mahakamani hati ya muda ya kusimamia mirathi kwa ajili ya kesi. Chini ya Sheria ya Ajali za Vifo, wanaonufaika ni mke au mume, wazazi na watoto; kaka na dada hawamo. Kusanyeni hati ya ndoa au barua ya chifu, vyeti vya kuzaliwa, karo alizokuwa akilipa, pesa alizokuwa akituma nyumbani kila mwezi. Taarifa ya M-Pesa ya miezi kumi na miwili huonyesha hayo yote. Iombeni mapema, kabla laini yake haijafungwa.

Gari niliuza mwaka jana, sasa nimeletewa barua ya mashtaka.

Kwa sababu logibuku bado ina jina lako. Sheria humchukulia aliyesajiliwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Usiitupe barua hiyo. Ukinyamaza, hukumu hutolewa bila wewe. Peleka kwa wakili mkataba wa mauzo, uthibitisho wa malipo na nakala ya kitambulisho cha mnunuzi, ili mnunuzi aingizwe kwenye kesi, kisha umfuate akamilishe uhamisho wa umiliki, ambao ulipaswa kufanywa ndani ya siku 14 za mauzo.